Doto Hauziwi Mkanda Mmoja

Mama Neema, ni wewe uliyeyaanzisha haya. Jumapili ile tulipotoka ibadani ulinitazama juu hadi chini, ukaniuliza mbele ya wanakwaya wote: "Mwalimu, umezunguka kote huko kutafuta mkanda usioumiza, halafu umerudi na kamera inakugonga paja namna hii?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Tangu siku hiyo kila ninayekutana naye sokoni ananiuliza lilelile, nami nimechoka kujibu nusunusu nikiwa na kikapu mkononi. Basi nimekaa chini nimeandika yote. Someni, mkimaliza msiniulize tena.

Mnajua kwamba nilipostaafu ualimu nilinunua kamera kwa kijana mmoja aliyekuwa akihama. Nilitaka nipige picha za ubatizo na harusi, nisikae barazani kuwahesabu kuku wa jirani. Kamera ilikuwa nzuri, nzito kidogo, na ilikuja na mkanda wake mwembamba mweusi. Wiki ya kwanza niliuvaa shingoni kwa maringo. Wiki ya pili nikawa siwezi kugeuza kichwa bila kugeuka mwili mzima.

Msilolijua ni picha ya kwanza niliyoipiga. Niliiweka kamera juu ya kabati, nikaitega ijipige yenyewe, nikaenda kusimama ukutani. Ilipolia nikaenda kutazama kwenye kioo chake cha nyuma. Niliyemwona mle si mimi. Alikuwa Kulwa, tena amenuna.

Mimi ni Doto, na penye Doto pana Kulwa. Yeye alitangulia kuzaliwa, mimi nikamfuata kabla mkunga hajanawa mikono. Mama yetu hakuwahi kutununulia kitu kimoja: yalikuwa magauni mawili, vikombe viwili, na mmoja wetu akikosea tulichapwa wote. Lakini tulikuwa hatujaonana kwa miaka tisa. Kosa ni langu, nitalisema likifika mahali pake. Picha yetu ya mwisho tukiwa pamoja tulipiga tulipomaliza darasa la saba, na mchwa waliila. Nilitaka picha moja tu ya sisi wawili kabla hatujafa. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwenda Nkome, ziwani. Yale machimbo ya dhahabu niliyowasimulia niliporudi yalikuwa njiani tu.

Shinyanga hadi Kahama

Niliondoka Jumatatu asubuhi na mkoba mmoja, michembe ya kutosha kwenye mfuko wa kitambaa, na kamera shingoni. Michembe ilikuwa ya Kulwa. Viazi vikishakatwa vikakaushwa juani, yeye hula vikavu kama karanga, hangoji kupikiwa.

Tulipofika Tinde shingo ilikuwa inawaka. Jirani yangu kwenye basi alikuwa binti mmoja mwenye mtoto mgongoni, naye alinitazama nikijikuna mpaka akashindwa kunyamaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hicho kitu si ungekiweka mapajani?"

Nikamweleza, kwa ile sauti yangu ya ubaoni, kwamba mpiga picha anatakiwa awe tayari muda wote. Akaangalia kiti cha mbele kilichokuwa kimetuziba, akaangalia pazia la dirisha lililofungwa kwa waya. "Tayari kwa nini sasa, mama?"  Nikaiweka mapajani.

Kahama nikaingia duka la vifaa vya simu na kamera. Muuzaji alinitolea mikanda miwili: mmoja wa kitambaa, mpana, mkavu, mwingine mnene, laini, wenye sponji ndani. Nikaibonyezabonyeza kwa vidole kama mtu anayechagua maparachichi. Ule wa sponji ulizama vizuri. Muuzaji akaniambia, "Kwa huu husikii uzito kabisa, mama," nami nikaamini, maana kidole kilikuwa kimeshakubali.

Nilitembea nao hatua mia moja kwa raha. Baada ya hapo nikagundua kwamba mkanda wa sponji unavutika. Nikipiga hatua, kamera inashuka. Nikiinua mguu, inapanda inanipiga tumboni. Nilivuka stendi nzima ya Kahama nikirukiwa na kamera yangu mwenyewe, na muuza maji mmoja akanipisha njia akisema, "Pita mama, usije ukajifungulia hapa." Nina miaka sitini.

Kakola, gari limekufa

Gari la kwenda Kakola lilitufikisha, ila lile la kutoka Kakola kwenda Geita lilikuwa limefunguliwa boneti, na dereva wake amelala chini yake miguu nje. Walituambia nusu saa. Mwalimu anajua nusu saa ni dakika ngapi. Tulikaa pale kuanzia saa sita mchana mpaka jua lilipokaribia kuzama.

Nilikaa kwa mama mmoja muuza chakula aliyenipa ugali na maharage, na mlenda ambao sikuuagiza. Alisema uso wangu ulikuwa unauhitaji. Wateja wake walikuwa wachimbaji na vijana wa pikipiki, wengine na mabuti yenye udongo mweupe wa mgodini. Walitaka kuona picha. Nikawaonyesha picha zote: kuku, mlango wa kanisa, kuku tena. Wakataka wapigwe wao. Nikawapiga, wakataka kujiona, wakajiona, wakaitana. Betri ikaanza kulalamika, nikamwomba yule mama nichomeke chaji kwenye ukuta wake.

Mchimbaji mmoja mtu mzima, aliyekuwa akila kimya muda wote, aliniona nikijisugua shingo.

"Mkanda huo uliuchagua kwa nini?" akauliza.

"Ni laini."

Akatabasamu. "Mama, sisi tunabeba mawe. Laini ni ya kulalia. Nenda Nyarugusu, umuulizie fundi Shija. Mikanda yetu yote anashona yeye."

Jioni wakatuambia gari halitaondoka. Nililala nyumba ya wageni, na alfajiri nikakodi pikipiki kwenda Nyarugusu. Barabara ile ilikuwa mashimo matupu. Kamera ikawa inaruka kwenye mkanda wake wa sponji na kumpiga dereva mgongoni, puu, puu, mpaka akasimamisha pikipiki.

"Mama, kama nimekukosea sema kwa mdomo."

Akauchukua mkanda akanivusha begani, ukapita kifuani kwa mshazari, kamera ikatulia ubavuni. Kidogo kukawa na nafuu. Ndipo nikakumbuka kwamba chaji ya kamera nimeiacha ukutani Kakola. Nikawasha kamera. Kile kidude cha kuonyesha betri kilikuwa na mistari miwili kati ya minne. Nikaapa sitapiga picha nyingine mpaka nimwone Kulwa. Msiniulize habari ya simu. Mnaijua simu yangu, kitochi cha vitufe.

Nyarugusu, kwa fundi Shija

Kiapo hicho nilikivunja baada ya robo saa. Kwenye njia ya kuingia machimboni kulikuwa na kichaka kidogo kimechanua maua ya njano katikati ya vifusi vya mawe, peke yake, nami nikakionea huruma. Nikainama, nikaielekeza kamera chini, nikabonyeza. Ikalia. Nilipoinuka nikakuta wanaume watatu wamesimama nyuma yangu.

"Imeonyesha nini, mama?"

"Majani."

Wakatazamana. Pale wamezoea watu wanaokuja na mitambo ya kuvaa begani, wanaielekeza ardhini, ikilia ujue kuna dhahabu. Nikawaeleza kwamba hii ni kamera. Mmoja akasema, "Sawa mama, kamera," kwa ile sauti ya mtu anayejua anafichwa. Nilipogeuka mbele kidogo, mmoja alikuwa ameshapiga sululu ya kwanza, na maua yangu yako juu ya kifusi. Kweli, ng'ombe wa maskini hazai.

Fundi Shija nilimkuta chini ya turubai, karibu na karasha za kusagia mawe, kwa hiyo tuliongea kwa kupiga kelele. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, vidole vyeusi kwa nta. Alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," kama anavyoamkiwa mama asubuhi, nami nikaitika. Nikamwekea kamera mezani. Hakuigusa.

"Niruhusu nione shingo," akasema.

Nikainamisha kichwa. Akaangalia bila kunigusa, akapiga ulimi.

"Kabla sijaja huku nilikuwa nakata ngozi za nira, za ng'ombe wa kulimia. Nimeona vidonda kama hivi. Watu wanadhani uzito ndio unaomuumiza ng'ombe. Hapana. Kinachomuumiza ni kamba inayotembea. Ikitulia mahali pake, analima mpaka jioni."

Nilitaka kuchukia kulinganishwa na ng'ombe, lakini nilikuwa nimeumia sana. Akaniambia nitembee. Nikatembea. Akaniambia niiname kama ninaokota kitu, nibebe ndoo, nigeuke kama nimeitwa. Muda wote alikuwa anapima kwa uzi. Mkanda unatakiwa uwe mpana begani, mwembamba ukielekea chini, akasema. Usiwe wa kuvutika. Upande wa ndani wa ngozi, ule wenye kukwaruza kidogo, ndio unaolala begani, ili usiteleze. Na usiwe wa shingo hata kidogo, shingo Mungu aliiumba kwa ajili ya kichwa.

Aliushona nikiona. Akaweka bizimu ya kufungia na matundu saba, akanivalisha, akafunga tundu la tatu. Kamera ikakaa kiunoni pale ambapo mkono unaangukia wenyewe. Nikatembea mpaka kwenye karasha na kurudi. Haikuruka, haikuvuta. Nilitaka kulia kwa raha.

"Jina nani, niliandike kwa ndani?"

"Doto."

Akaiweka sindano chini.

"Kulwa yuko wapi?"

"Nkome."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi nipe muda nishone wa pili."

Nikamwambia sihitaji wa pili. Nikamwambia kamera ni moja, na Kulwa hana kamera wala hajawahi kuishika.

"Sijakuuliza kama ana kamera," akasema. "Mimi naitwa Shija. Unajua Shija ni nani."

Kwetu kila mtu anajua. Shija ni mtoto anayezaliwa nyuma ya mapacha.

"Nimekulia nyuma ya mabasa, hao mapacha," akaendelea. "Kwetu kitu kimoja hakikuingia ndani ya nyumba. Aliyekuja na kimoja alirudishwa mlangoni. Doto hauziwi mkanda mmoja, dada yangu. Siuzi. Ukitaka nenda nao ule wa sponji."

Nilibishana naye. Mnanijua. Nilimwambia hayo ni mambo ya wazee, nikamwambia mimi ni mwalimu, nikamwambia mapacha wa siku hizi wanavaa wanavyotaka. Akawa ananisikiliza huku anakata ngozi ya mkanda wa pili. Mwishowe nikamwambia ukweli, kwamba mimi na Kulwa hatusemeshani. Hapo akainua macho.

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

"Na miaka yote hiyo umekuwa unanunua kimoja?"

 Aliumaliza ule wa pili, matundu saba, akaufunga tundu la tatu kama wangu. Ndani aliandika KULWA. Nililipa mikanda miwili huku nimenuna. "Wabeja, mayo," akanishukuru, na mimi sikumshukuru.

Geita na Nzera

Nikapata gari la kwenda Geita, na kutoka Geita jingine la Nkome. Kuhusu njia hiyo sina mengi. Mvua ilinyesha, tukasubiri Nzera maana mbele walisema kuna lori limeziba njia.

Jambo moja tu niwaambie. Tangu Shinyanga nilikuwa na maumivu ya shingo, nayo yalinipa shughuli. Nililalamika, nilibadilisha upande, nilinunua, nilibishana. Pale Nzera mkanda ulikuwa umetulia begani na hakuna kilichouma. Shingo ilipoacha kuuma, nikabaki na Kulwa. Nilimkumbuka kwa namna ambayo sikuwahi kujiruhusu kumkumbuka. Nilikumbuka mgongo wake usiku tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, na jinsi alivyokuwa akinisubiri nje ya choo cha shule kwa sababu mimi niliogopa nyoka.

Basi kosa langu ni hili. Mume wa Kulwa, shemeji Ndaki, alikuwa fundi wa mitumbwi Nkome. Alipofariki, Kulwa alinipigia mwenyewe. Mimi nilikuwa nasimamia mtihani wa darasa la saba. Nikamwambia, "Pole, nikimaliza nakuja." Mtihani ni siku mbili. Kukawa na kikao, kisha nikapata mafua, kisha nikaona aibu kwenda nimechelewa, na aibu ikazidi kadiri nilivyochelewa. Pacha wangu alizika mume akiangalia barabarani. Baada ya arobaini alinipigia mara moja, akasema, "Asante, Mwalimu." Hajawahi kuniita Mwalimu maishani. Sikupiga tena.

Pale Nzera niliingia mgahawani, wakaniletea sato wa kukaanga, mzima, na ndimu. Nilimsukuma kando. Niliuliza gari la kurudi Geita ni saa ngapi. Mhudumu akasema, "Njia imefunguka, mama, wenzako wanapanda." Kwa aibu ya kuonekana sijui ninakokwenda, nikapanda.

Nkome

Harufu ya dagaa ilitupokea kabla ya nyumba. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanawake walikuwa wamewaanika juu ya nyavu, safu kwa safu, wanawageuza kwa mafagio. Nilisimama na mkoba wangu nikitafuta wa kumuuliza. Sikuhitaji kuuliza. Mwanamke mmoja mnene, ndoo kichwani, aliniona akapiga kelele.

"Mama Pendo! We, umenenepa lini? Juzi tu ulikuwa hata kunyanyuka huwezi! Dawa zimekubali!"

Nilisimama pale nikijua mambo mawili kwa mpigo: kwamba uso wetu bado ni mmoja, na kwamba Kulwa anaumwa. Nikamwambia polepole, "Mimi ni Doto."

Akaitua ndoo.  "Kumbe upo," akasema.

Huyo ndiye Mama Sada, jirani yake. Alinipeleka mpaka kwenye nyumba ya bati yenye mti wa mpapai. Kulwa alikuwa ameketi kizingitini, redio ndogo mapajani. Mama Neema, sitaweza kuandika vizuri hapa. Nilimwona mama yetu. Mashavu yameingia, mifupa ya shingo inaonekana, na macho ni yangu.

Hakuja kunipokea. Aliizima redio. Akaingia ndani akatoka na mkeka, akautandika uani mahali peupe, akasimama kando yake kama wanavyosimama wafiwa.

"Karibu msibani," akasema. "Umechelewa kidogo."

Nikavua viatu. Nikakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Shinyanga na yote yalipotea, nikasema tu lile linalosemwa: "Pole, Kulwa. Pole kwa msiba." Akakaa mbele yangu. Tukalia kilio cha miaka tisa saa tisa alasiri, jua linawaka, na Mama Sada, Mungu ambariki, akakaa nasi akalia naye kama maiti ilikuwa ndani.

Tulipomaliza, Kulwa akajifuta uso kwa khanga. Akaniangalia, akauona mkanda begani mwangu. Akaugusa. Akanyoosha kiganja mbele yangu, vilevile alivyokuwa akinyoosha tukiwa na miaka sita.

"Na wangu?"

Nilifungua mkoba nikampa. Nilimshukuru fundi Shija wakati ule, kwa sauti, mpaka Kulwa akauliza Shija ni nani. Kama si ubishi wake ningefika kwa pacha wangu na kitu kimoja. Akausoma ndani, akaona jina lake. Alicheka, akaanza kukohoa, akakohoa kwa muda mrefu.

Ilikuwa kifua kikuu. Alikuwa amelala kitandani miezi, sasa anatumia dawa za zahanati na hakutakiwa kuruka hata siku moja. Pendo, bintiye, alitaka amchukue Mwanza, naye akakataa kumwacha Ndaki peke yake pale makaburini. "Na wewe ulitaka nikwambie nini?" akaniuliza. "Mwalimu, naumwa?" Nikamwambia asiniite hivyo. Akasema ataona.

Nilikaa siku nne. Alikula michembe yote. Mchana tulikaa mkekani, tukiongea habari za mama na za watu waliokufa, usiku nikimsikia akihema. Kamera ilikuwa na mstari mmoja wa betri na sikuthubutu kuiwasha. Siku ya mwisho asubuhi nikasema sasa tupige picha yetu. Kulwa akavaa gauni lake la kijani, akavusha mkanda wake begani, akauning'inizia ile redio, maana alisema hawezi kuvaa mkanda mtupu kama punda aliyefunguliwa. Mimi nikaitoa kamera kwenye wangu nimpe Mama Sada, nikaning'iniza chupa yangu ya maji ili usipeperuke. Tukasimama ukutani, bega kwa bega.

Hapo ndipo nilipotazama chini. Mikanda ilikuwa sawa, imekatwa siku moja na mkono mmoja, yote kwenye tundu la tatu. Chupa yangu ilikaa kiunoni. Redio yake ilifika katikati ya paja.

Naye alikuwa ameona. Tulisimama tukitazama zile nafasi mbili. Siku nne nilikuwa najiambia hajapungua sana, ni mwanga, ni gauni. Uzi wa fundi Shija haukunibembeleza.

"Niletee msumari," Kulwa akasema. "Hata tundu la kwanza halitatosha, tutoboe jingine huku juu ili mkanda upande."

"Hatutoboi," nikasema. "Nenepa."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, na safari hii alikuwa anatania.

Mama Sada akabonyeza. Kamera ikalia, ikazima, na haikuwaka tena.

Nyumbani

Mwisho wa yote hayo mnaujua. Chaji nimeipata, yule mama wa Kakola aliikabidhi kwa kondakta, nayo ikafika na ujumbe kwamba nisisahau kula mlenda. Nikaichomeka, nikaifungua ile picha. Mama Sada ametukata vichwa. Kuna magauni mawili kuanzia shingoni hadi magotini, mikanda miwili, chupa juu na redio chini. Ndiyo picha pekee ya mimi na pacha wangu, na ndiyo niliyoiweka kwenye fremu, hata kama Mama Neema uliniuliza kama nimeanza kupiga picha za nguo.

Nimeitazama sana. Kila nikivaa mkanda wangu asubuhi, kamera inakaa kiunoni, mahali pazuri pasipouma, na moyo wangu unakwenda kwenye ile redio. Kwetu hatukupewa tofauti. Nilitaka kumpa nyama yangu na haiwezekani, hivyo nikafanya linalowezekana. Nikafungua bizimu, nikaushusha mkanda tundu kwa tundu mpaka kamera ilipofika pale inapofika redio yake. Ilinibidi nifike tundu la saba. Sasa inanigonga nikitembea, inaniumiza paja, na nikiinama inatangulia chini. Fundi Shija akiniona atalia.

Kulwa hupiga simu kila Jumapili jioni. Haanzi na salamu. Anauliza, "Iko wapi?" Namwambia, "Paja. Yako?" Anasema, "Paja," halafu ananisimulia habari za mwaloni. Jumapili iliyopita alisema, "Nadhani imepanda kidole kimoja, ila pengine nimesimama vibaya." Nikamwambia asimame vizuri apime tena. Akapima. Nilisubiri nimeshika simu kwa mikono miwili. Akarudi akasema kidole kimoja, kweli.

Nami nikapandisha kidole kimoja. Tundu halipo hapo, kwa hiyo nimeukunja mkanda nikaushikiza kwa pini, ndiyo hiyo pini iliyokushangaza juzi. Siku mtakayoona kamera yangu imerudi kiunoni, Mama Neema, msiniulize tena habari za mkanda. Pigeni vigelegele, Kulwa amenenepa.